Kifua Katika Taa ya Kushoto

Sitaanza na mahali alipozaliwa, wala sitasema babu yake alivuka mto gani. Kuna mwaka mmoja hapa Kolwezi ambapo mji mzima ulishikwa na swali hilo kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, na nikaona lilikowafikisha watu. Tangu hapo siulizi. Nitamweleza mtu huyu kwa mikono yake, maneno yake na ubishi wake. Hizo ndizo habari nilizo nazo kwa hakika, kwa sababu tulikaa tukitazamana, mlango kwa mlango, mtaani Kapata, katika zile nyumba za kampuni zilizopangwa safu kwa safu kama meno.

Tulimwita Tata Filamu, yaani Baba Filamu. Alifanya kazi katika chumba cha picha za kifua, hospitali ya kampuni. Kila mwaka wafanyakazi wa mgodi walipita mbele ya mashine yake, wakavua shati, wakabana pumzi. Daktari aliisoma picha ndani, naye Tata Filamu akafungua mlango na kuwatangazia waliokaa kwenye benchi. Hukumu zilikuwa mbili tu. Mwenye mapafu mazuri aliambiwa "Abaki!", na Tata aliitoa kwa sauti kubwa kiasi kwamba wauza maandazi wa nje ya ukuta waliisikia. Mwenye mapafu yaliyoharibika aliambiwa "Arudi kwao", maana yake kazi imekwisha, nyumba ya kampuni imekwisha, afunge mizigo. Hiyo hakuitangaza. Alimwendea mtu pale alipoketi, akainama, akamnong'oneza sikioni kama anayetoa salamu za rambirambi.

Mwenyewe alitaka kitu kimoja tu maishani, na hakukificha: kubaki Kapata. Watu wengine waliota Ulaya au Lubumbashi. Yeye aliota kuzeeka kwenye kiti chake cha chuma, mbele ya mlango wake, akimdanganya mtu katika mchezo wa dama.

Mimi nilikuwa na pikapu niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia ng'ambo ya mpaka. Nilipakia unga, makaa na samaki wa kukausha, nikaenda Fungurume na kurudi, na niliendesha mwenyewe. Jambo hilo lilimfurahisha Tata Filamu kupita kiasi. Akanipa jina la Mama Shofere, na kila nilipowasha injini alijifanya anakimbilia ndani kuokoa maisha yake.

Mgodi ulipoanza kuporomoka, mshahara ukageuka kuwa uvumi. Maduka yaliporwa, vipuri vikatoweka. Wakati ule, kama mnavyojua ninyi mnaoendesha magari ya zamani, taa ya mbele ilikuwa kioo cha duara chenye pete ya chuma, na kioo kikipasuka unatafuta kingine. Hapakuwa na kingine. Barabara nayo ilikuwa changarawe, na lori la madini likikutangulia hukurushia mawe kana kwamba mna ugomvi. Siku moja nilirudi na taa ya kulia ina ufa, nimeifunga kwa kitambaa.

"Mama Shofere," akaniita kutoka kitini, "gari yako inafunga kitambaa mu jicho. Inaumwa?"

"Jiwe, Tata."

"Jiwe haina kosa. Kosa ni ya jicho yenye kutembea bila nguo. Lete hapa."

Mashine ya hospitali ilikuwa imekufa, na magunia ya picha za zamani yalikuwa yametupwa nyuma ya jengo yaoze na mvua. Yeye aliyabeba moja moja kichwani mpaka nyumbani. Mke wake alilia kwamba nyumba imejaa mbavu za watu na hapana pa kulaza mgeni. Sasa ikajulikana alikuwa akiyatunzia nini: filamu ikivalishwa juu ya taa, jiwe haligusi kioo.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe polepole, kwa sababu ndiyo iliyonilisha mpaka leo, na kwa sababu yeye alipenda ielezwe polepole. Kwanza ni kuchagua. Filamu huinuliwa juani, ikatazamwa. Usichukue iliyokunjwa, hata mara moja, kwa maana mkunjo hauponi. Mwanga ukipita hapo utapinda. Usichukue iliyokwaruzwa. Nyeusi mno itakusumbua kuosha, na nyembamba mno itapigwa na jiwe la kwanza na kusalimu amri. Pitisha ukucha kwenye ukingo: nzuri hulia kidogo, kama ulimi wa mtu anayekataa jambo. Leo filamu zinakuja kwa mabunda, zina gundi yake mgongoni na zinavutika kama ngozi ya maziwa, lakini hata hizo mimi huzipitishia ukucha kwanza.

Kisha unailaza kwenye besheni yenye Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Picha hulegea, inatoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Unaipangusa kwa pamba, taratibu, pande zote mbili, ukisuuza. Kinachobaki ni karatasi ngumu inayoonyesha upande wa pili, yenye ubluu kidogo, kama anga iliyofuliwa. Unakata kielelezo kwa karatasi ya mfuko wa saruji, unakibandika juu ya kioo, unaongeza upana wa kidole. Ukingoni unachana vipande vidogo kama petali za ua, ili filamu ikubali kuinama. Unaipitisha kwenye maji ya moto, unalowesha kioo kwa maji ya sabuni, unailaza, unasukuma maji kutoka katikati kwenda nje kwa kipande cha ndala kuukuu. Halafu unafunika petali kwa ile pete ya chuma na kukaza skrubu. Gundi haitakiwi. Taa ni jiko dogo, na gundi ikipikwa hugeuka njano. Na usiogope. Mara ya kwanza itakutoka na viputo kama uji. Kila mtu huanza hivyo, nami nilianza vibaya kuliko wewe.

Jambo la mwisho ndilo lilikuwa mhuri wake. Chini kabisa, petali moja aliiacha bila kubanwa.

"Kitu yote yenye kufunikwa," alisema, "uipatie mulango ya chini. Maji itaingia tu, hata ufanye nini. Shida si kuingia. Shida ni kukosa pa kutokea."

Alilisema hilo juu ya taa, juu ya ndoa, juu ya sufuria ya mboga ya sombe na juu ya hotuba za wanasiasa. Waliomwiga hawakulisikia. Walibana pande zote kwa gundi, wakajisifu, na mvua ya kwanza iliponyesha mji ukajaa magari yenye mtoto wa jicho, yakipapasa njia kama wazee wanaotafuta fimbo. Tata Filamu alikaa kitini na kuyahesabu kwa makofi.

Lakini watu hawakumjia kwa sababu ya mlango wa chini peke yake. Walikuja kwa sababu ya desturi aliyoianzisha mwenyewe, ambayo sijaisikia penginepo duniani. Mwenye gari akifika, aliulizwa kama aliwahi kupigwa picha hospitalini. Kila mtu wa mgodi alikuwa amepigwa. Basi Tata alizama kwenye magunia, akatafuta namba ya kazi iliyoandikwa kwenye pembe, akatoka na kifua cha huyo huyo mwenye gari. Kabla ya kuosha aliinua juani, akasoma kama alivyomwona daktari akisoma kwa miaka mingi, na kutangaza barabara nzima isikie: "Abaki!" Ndipo akatumbukiza kwenye Javel. Pembe yenye namba aliiacha bila kuosha, ionekane kidogo chini ya pete. Kwa maneno yake, mtu lazima alinde taa yake kwa kifua chake. Huwezi kutuma kifua cha mwenzako kikapigwe mawe.

Ndiyo maana mimi nilikuwa tatizo. Sikuwahi kufanya kazi mgodini, kwa hiyo sikuwa na kifua katika magunia.

"Mama Shofere, weye hauna kifua," alitangaza mbele ya majirani wote.

"Tata! Batu banasikia!"

"Mi nasema ya mu gunia. Ya mwili Mungu anajua. Sasa nitakupa nini? Vifua bya batu benye kufa sigusi. Nitakupa magoti."

Akaniwekea magoti mawili ya mtu asiyejulikana, picha za chumba kingine zilizochanganyika magunini, na tangu siku hiyo pikapu yangu ikipanda kilima kwa shida alisema ni kwa sababu inapiga magoti, inasali.

Watu walimletea mambo mengine pia. Mama mmoja alimwomba atazame picha ya mumewe kama moyoni mle kuna mwanamke wa pili. Tata aliigeuza huku na huku, akakunja uso, akavaa miwani, akavua. "Mama, mashine ilikuwa ya mbavu tu. Moyo yake ilijificha nyuma, njo dalili mbaya." Mume akakaa wiki nzima akipasua kuni bila kuombwa.

Sasa msimfikirie kuwa alikuwa mtu wa namna moja. Aliongoza kwaya parokiani na kuwafukuza waimbaji kwa kuchelewa, lakini yeye mwenyewe alichelewa kila Jumapili na kuingia akiimba, ili ionekane alianza nje. Alihubiri kwamba uongo ni kutu ya ulimi, kisha akahamisha vifuniko vya chupa tulivyochezea dama kwa kiwiko huku akikuonyesha ndege angani. Alikuwa mchoyo wa filamu kama benki, lakini ambulansi ya misheni na baiskeli ya mkunga alizivalisha bila kuambiwa. Na huyu mtu aliyelinda mataa ya nusu ya mji aliogopa magari. Alitembea kwa miguu mpaka Mutoshi, akarudi kwa miguu. Mara chache nilizompakia, alishika mlango kwa mikono miwili, akafumba macho tangu tulipoondoka mpaka tulipofika, na akitelemka alinisifu kwa kuendesha vizuri.

"Umejuaje, na ulifumba macho?"

"Niko muzima. Si njo alama?"

Ule mwaka wa kwikwi ukafika. Wanaoujua wanaujua, kwa asiyeujua nitasema kwa ufupi. Mgodi haukulipa, tumbo likauliza nani kala, na wakubwa wakajibu kwamba ni jirani yako ambaye wazee wake waliletwa hapa zamani kutoka Kasai kufanya kazi. Vijana wakajiundia komite, wakapita milangoni: kila mtu kwao. Watu waliozaliwa Kapata, waliosoma Kapata, waliozika mama zao Kapata, wakaambiwa wapande treni waende kwao, mahali ambapo wengi wao hawakupajua hata kwa picha. Kituo cha treni kikajaa familia zilizolala chini zikisubiri mabehewa.

Wazee wa Tata Filamu walikuwa miongoni mwa walioletwa. Yeye alikuwa akisalimia watu kwa salamu ya nyumbani kwao, "Moyo!", tangu nimjue. Wengine waliokuwa wakiitumia wakaanza kuimeza. Yeye akaongeza sauti. Mke wake akitembea naye alimfinya kila walipokutana na kundi, na alikuwa akirudi nyumbani na mkono wenye alama kama aliyeumwa na siafu.

Nilimwambia ahamie chumba changu cha nyuma kwa muda, mpaka vumbi litulie. Mimi wazee wangu walitoka kaskazini ya Katanga, mkoa huu huu. Mlango wangu haukugongwa na mtu.

"Nikae nyuma ya nyumba yako ili nionekane ninakaa wapi?" akauliza. "Mi nataka kubaki, Mama Shofere. Kubaki si kujificha."

Kisha ikaja ile gari nyeupe. Ilikuwa ya mwalimu wa shule yetu, aliyekuwa ameondoka na treni wiki chache kabla. Aliiacha mbele ya nyumba, na mkubwa wa vijana wa komite akaanza kuiendesha. Siku moja akaisimamisha mlangoni kwa Tata Filamu.

"Mzee, weka filamu. Mbili."

"Umepigwa picha ya kifua, mwanangu?"

"Mi sina muda ya mambo yako. Weka."

Tata alizama kwenye magunia kwa muda mrefu. Alitoka na filamu mbili, za miaka miwili tofauti, akaziinua juani. Nilikuwa kwangu nikichambua maharage. Akanitazama moja kwa moja na kusema kwa sauti ya hospitali: "Abaki!" Akaosha, akakata, akaweka vizuri kabisa, milango ya chini yote miwili, pembe zenye namba zikiwa wazi. Kijana akaondoka ameridhika.

Jioni ile ile mtu mmoja akainama mbele ya gari, akasoma namba, akainuka amejishika mdomo. Katika Kapata kila mtu alijua namba za mwenzake. Tulizisoma kwenye foleni za posho kwa miaka. Ilikuwa namba ya mwalimu. Kabla ya kufundisha alikuwa karani wa mgodi, na kila mwaka alivua shati kama wengine.

Kuanzia kesho yake gari nyeupe ikipita, mama wa sokoni walisimama wakaitikisia kichwa. "Jambo, Mwalimu." "Habari za masomo, Mwalimu?" Kijana alidhani heshima ile ni yake. Akawa anapunguza mwendo. Akawa anainua mkono. Akaanza hata kuvaa koti. Kapata, mtaa usiokuwa na unga, ulicheka mpaka ukapata kiu.

Bila shaka mtu alimweleza hatimaye. Alikuja na wenzake wanne, na sisi majirani tukatoka milangoni.

"Mzee, weye unacheka batu?"

"Hapana, mwanangu. Mi naweka paka filamu tu."

"Ile kifua ni ya nani?"

"Ya mwenye gari. Njo desturi yetu. Uliza batu bote hapa."

"Mwenye gari ni mi!"

"Aa! Basi iko rahisi." Tata akasimama, akajifuta mikono kwa utaratibu. "Leta namba yako ya kazi. Ulivua shati mwaka gani?"

Kijana hakuwahi kufanya kazi siku moja mgodini. Majirani tukageukia milango yetu, mabega yakitutikisika kwa kicheko. Kijana akamwelekezea Tata kidole.

"Jumapili nisikukute hapa. Weye na bibi yako na mifupa yako."

Walipoondoka, mke wake alikaa chini kwenye kizingiti. "Umeona? Utani yako imetupandisha treni."

"Treni ilikuwa inakuja tu, mama," akamjibu taratibu. "Mi nimeipigia paka filimbi tu."

Alikuwa akisema kweli. Barabara yetu ilikuwa imebakiza milango miwili ya watu kama wao, na kabla ya mwezi kwisha wote walikuwa wamekwenda, hata waliokuwa wapole kama maji ya mtungini. Lakini usiku huo mke wake hakumpa bukari, ule ugali wetu. Alimwekea besheni ya Javel mezani, akamwambia ale hiyo.

Jumamosi niliwapakia kwenye pikapu, wao na godoro, sufuria, cherehani ya mke wake na kile kiti cha chuma. Magunia ya picha alinikabidhi mimi. Alikaa mbele, akashika mlango, akafumba macho.

"Tata, fungua macho. Tazama Kapata."

"Njo ile sitaki kutazama."

Hiyo ndiyo safari pekee ambayo sikumcheka.

Kituoni walipata nafasi ukutani, kati ya familia zilizokuwa zimekaa pale muda mrefu hata zikawa na majirani. Baada ya muda mfupi Tata alikwishaweka kiti chake, akapata mtu wa kucheza naye dama, akamwibia. Nilipoaga aliniambia ningoje. Akafungua godoro pale lilipoviringishwa, akatoa bahasha kubwa ya kahawia.

"Weye hauna kifua," akasema. "Sasa uko nayo."

Niliivuta nje. Pembeni nilisoma namba. Ilikuwa ya kwake.

"Ile magoti ya kushoto imechoka. Toa, weka hii. Javel kidogo, maji ya moto, usifanye haraka. Na chini?"

"Mlango."

"Bon. Banasema mi nisikuwe hapa. Mi nitaenda. Lakini kifua itabaki mu barabara ya Kolwezi, mbele ya gari, kila siku. Komite itaifukuza namna gani? Itarusha mawe?" Akacheka mpaka akakohoa. "Njo kazi yake!"

Nilimwomba basi aisome kabla sijaondoka, aitangaze kama nyingine zote. Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakosa ule utani wote.

"Mupiga-picha hajisomi. Ni sheria ya hospitali. Unasomewa na mwenzako. Na mi wamekwisha kunisomea." Akainama, akaninong'oneza sikioni, kama alivyokuwa akiwafanyia wale wa kwenye benchi: "Arudi kwao."

Treni iliondoka siku nisiyoijua. Nilipokwenda na chakula, ukuta wao ulikuwa na familia nyingine.

Nyumbani niliweka Javel kwenye besheni. Nilikuwa na pamba mkononi. Kisha nikaiinua filamu dirishani, nikaona mbavu zake, na kivuli cha moyo kimelalia kushoto, na bega moja limepanda kidogo kama la mtu anayetaka kuhamisha kifuniko cha dama. Nikamwaga Javel. Nikakata kwa uangalifu, nikaiweka jinsi ilivyokuwa, na picha yake yote.

Kwa upande wa ufundi ilikuwa kazi mbaya, msiige. Taa ya kushoto ilitoa mwanga wa mshumaa, na ilinibidi niwe nimefika kabla jua halijazama. Lakini nilipoiwasha, mbavu ziliwaka zote. Pikapu ikaitwa Kifua. Watu walisema "nimepanda Kifua mpaka Fungurume", na wageni wakawatazama mara mbili. Polisi wa barabarani mmoja alinisimamisha, akachuchumaa mbele ya taa kwa muda mrefu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni jirani yangu."

"Iko na karatasi?"

"Unamuona mpaka ndani, tata. Unataka karatasi gani tena?"

Akaniacha nipite. Nadhani aliniacha kwa kuogopa kuendelea na mazungumzo.

Miaka ilipita mingi. Vita ilikuja ikaenda, kampuni mpya zikachimba pale ambapo za zamani zilikufa, na mimi nikafungua kibanda changu cha kuvalisha mataa. Pikapu ilipozeeka niliipandisha juu ya matofali nyuma ya nyumba. Kuku wakataga chini ya usukani. Taa ya kushoto sikuigusa.

Asubuhi moja nilikuwa nikimwonyesha mteja jinsi ya kusukuma maji kutoka katikati. Nikasikia nyuma yangu ukucha ukipita kwenye ukingo wa filamu, ule mlio wa ulimi unaokataa.

"Iko na kiputo," sauti ikasema.

Tata Filamu alikuwa amekuwa mdogo, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Alikuwa na fimbo. Mtoto wake mmoja alikuwa amepata kazi Fungurume, akawaleta wote wawili. Mke wake alikataa kufika Kapata mpaka kwanza yeye ajaribu kama ardhi imetulia.

"Umekuja na nini, Tata?"

"Na basi. Kijana anaendesha muzuri sana. Sikuona kitu."

Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Alizunguka pikapu, akawasalimia kuku, akafika kwenye taa ya kushoto, akasimama. Filamu ilikuwa imekwaruzwa kila mahali, imepata vidonda vyeupe vya mawe, lakini mbavu zilikuwepo. Akainama, akatia kidole chini, akatafuta mlango. Akaupata.

"Hukuosha."

"Sikuosha."

"Donc, kumbe miaka hii yote," akasema polepole, akigusa vile vidonda kimoja kimoja, "mi niko kule, ninajipumuzisha, ninakula vizuri, na weye huku unanipigisha mawe barabarani!"

Tulicheka mpaka kuku wakatoka. Kisha akaketi juu ya tofali, akatazama upande wa pili wa barabara, nyumba iliyokuwa yake. Walikaa watu wengine, na walikuwa wamepaka mlango rangi ya kijani.

"Mama Shofere," akasema, "toa ile kitu. Unisomee."

Nilifungua skrubu, nikaondoa pete. Filamu ilitoka na umbo la taa, imepinda kama kiganja. Niliinua juani. Mimi si daktari. Kwa ukweli niliona mbavu, mawe, na anga nyuma yake. Nikajaza hewa kifuani kama mtu aliye mbele ya mashine yake.

"Abaki!"

Nilipiga kelele hasa. Mteja kule kibandani akaangusha kipande cha ndala. Ng'ambo ya barabara mlango wa kijani ukafunguka, mwanamke akachungulia, mikono yake imejaa unga.

"Nani abaki?" akauliza.

Kabla sijajibu, mzee alikuwa ameinuka, ameinua fimbo juu kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"Mi!"